Nimonia ya Korona kwa Watu wenye Kinga Dhaifu: Mafunzo kutoka Njombe na Makambako

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Zambia kwa barabara kuu hufika Makambako baada ya kuupita mji wa Mafinga. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea hadi Mbeya na Tunduma. Nyingine hukata kusini, ikapanda milima kiasi cha kilomita 60 hadi Njombe, kisha ikaelekea Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake hapo hapo. Malori hulala Makambako, na abiria hubadili magari: wafanyabiashara wa mbao na viazi, wanafunzi, watumishi, na vibarua wa mashamba ya chai.

Njia zinazopitisha bidhaa hupitisha pia maradhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata virusi vya ugonjwa huo, yaani VVU, vilienea kwa kufuata barabara kuu na vituo vyake. Miaka thelathini na saba baadaye, tarehe 16 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona nchini alitangazwa. Mwezi Mei mwaka huo Zambia iliufunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, baada ya kugundua wagonjwa wengi mahali hapo. Barabara iliyosimamishwa ndiyo hiyo hiyo ipitayo Makambako.

Hivyo virusi wa aina mbili walikutana katika nchi moja, na mara nyingine katika mwili mmoja. Makala haya yanaeleza kinachotukia katika mapafu wakati korona inapomwingia mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, na kwa nini jambo hilo linawahusu hata watu wenye afya kamili.

Mkoa wa watu wengi wanaotumia dawa

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 889,946. Katika kila uchunguzi wa kitaifa wa VVU tangu ule wa mwaka 2011/12, Njombe imekuwa mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote ya Tanzania Bara. Uchunguzi wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi mkoani humo wanaishi na VVU, wakati kiwango cha taifa zima kilikuwa asilimia 4.4. Kwa lugha nyepesi, katika basi lenye abiria 56 watu wazima litokalo Njombe kwenda Makambako, yaelekea saba kati yao wanaishi na virusi hivyo.

Yafaa wanafunzi watambue maana ya takwimu ya namna hii. Kiwango cha watu wanaoishi na ugonjwa hakilingani na kiwango cha maambukizo mapya. Mgonjwa anayepata dawa huishi miaka mingi, na kila mwaka huendelea kuhesabiwa. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tangu mwaka 2016 kila aliyepimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja adhoofike. Kitaifa, watu wazima wenye VVU ambao wingi wa virusi katika damu yao umefubazwa walikuwa asilimia 52 katika uchunguzi wa mwaka 2016/17, wakafikia asilimia 78 katika ule wa mwaka 2022/23. Kwa hiyo sehemu ya ukubwa wa tarakimu ya Njombe ni hesabu ya watu waliookolewa.

Hata hivyo asilimia 78 si asilimia 100. Wako ambao hawajapimwa, wako walioacha dawa, na wako ambao dawa zao hazifanyi kazi tena ipasavyo. Hao ndio ambao korona inaweza kuwakuta bila ulinzi wa kutosha.

Mapafu na kazi yake

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vipatavyo milioni 300 au zaidi. Kila kifuko ni kidogo kuliko punje ya ulezi, nacho kimezungukwa na mishipa myembamba mno ya damu. Ukuta utenganishao hewa na damu hauzidi unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni hupenya ukuta huo na kuingia katika damu. Kaboni dioksaidi hupenya kwa kuelekea upande wa pili na kutolewa nje.

Kwa nini vifuko vingi hivyo badala ya mifuko miwili mikubwa? Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa kutumia kiazi mviringo kikubwa cha Njombe. Kikatwe mchemraba wenye urefu wa sentimita 4 kila upande. Eneo la nje la mchemraba huo ni sentimita za mraba 96. Kisha mchemraba ukatwe vipande 64, kila kimoja sentimita 1 kila upande. Kiazi ni kile kile, lakini sasa maeneo yote ya nje yakijumlishwa hupata sentimita za mraba 384, yaani mara nne. Ndivyo mapafu yalivyoumbwa: ingawa yanaenea ndani ya kifua, eneo la kuta za vifuko vyote likikunjuliwa hupata mita za mraba 70 hivi, kiasi cha sakafu ya chumba cha darasa.

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi au homa ya mapafu, ni hali ambayo vifuko hivyo hujaa majimaji, usaha na mabaki ya seli zilizokufa. Eneo la kubadilishana hewa hupungua, na ukuta huwa mnene. Mgonjwa huvuta pumzi kwa haraka, lakini hewa anayoivuta haifiki katika damu. Ni kama darasa ambalo nusu ya sakafu yake imefurika maji: wanafunzi ni wale wale, lakini mahali pa kukaa hapatoshi.

Kirusi cha korona na hatua mbili za ugonjwa

Virusi vya jamii ya korona vimejulikana tangu miaka ya 1960. Aina nne kati yake huleta mafua ya kawaida duniani kote. Aina nyingine mbili zilileta nimonia ya hatari: ile ya SARS iliyozuka nchini China mwaka 2002, na ile ya MERS iliyotambuliwa katika nchi za Kiarabu mwaka 2012. Aina ya saba ndiyo iliyozuka Wuhan mwishoni mwa mwaka 2019 ikaleta ugonjwa uitwao kwa Kiswahili UVIKO-19.

Kirusi kimoja kina kipenyo cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Virusi elfu kumi vikipangwa mstari mmoja vitafikia urefu wa milimita moja tu. Juu yake kuna miiba ya protini, nayo hujishikiza kwenye kipokezi kiitwacho ACE2 kilicho juu ya seli za pua, koo na mapafu. Kikishajishikiza, kirusi huingia ndani ya seli, huilazimisha itengeneze nakala zake, na nakala hizo hutoka na kushambulia seli za jirani.

Ugonjwa mkali aghalabu huwa na hatua mbili. Katika juma la kwanza virusi huongezeka kwa wingi, na mgonjwa hupata homa, kikohozi, uchovu, au kupotewa na uwezo wa kunusa. Watu wengi hupona hapo. Kwa wachache, katika juma la pili jeshi la kinga lenyewe huamka kupita kiasi. Seli za kinga humiminika katika mapafu, kemikali za kuwasha uvimbe huenea, na vifuko vya hewa hufurika. Madhara mengi ya hatua hii huletwa na pigano lenyewe hata kama virusi vimeanza kupungua.

Jeshi la kinga na amiri wake

Ili kufahamu hali ya mtu mwenye kinga dhaifu, sharti kwanza ifahamike kazi ya kinga iliyo timamu. Chembe nyeupe za damu ziko za aina nyingi. Nyingine humeza viini vyovyote zinavyokutana navyo. Nyingine hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoshika miiba ya kirusi ili kisiweze kuingia katika seli. Nyingine huua seli za mwili ambazo tayari zimetekwa, ili zisiendelee kuzaa virusi.

Juu ya hizo zote kuna seli ziitwazo CD4. Hizi mfano wake ni amiri jeshi: aghalabu haziui adui kwa mkono wao, bali hutoa ishara za kemikali zinazoziamuru nyingine zitengeneze kingamwili, zishambulie au zitulie. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. VVU huingia katika seli hizo hizo na kuziangamiza. Hesabu inapopungua chini ya 200, mtu huhesabiwa kuwa amefikia hatua kubwa ya ugonjwa, na viini ambavyo kwa kawaida havidhuru huanza kumshambulia.

VVU si sababu pekee ya kinga kudhoofika. Mgonjwa wa saratani hutumia dawa ambazo huua seli zinazogawanyika upesi, zikiwamo za kinga. Mtu aliyepandikizwa figo, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza mwaka 2017, hana budi kutumia kila siku dawa za kuituliza kinga ili isiikatae figo mpya. Utapiamlo, kisukari kisichodhibitiwa na uzee nao hupunguza nguvu za kinga. Lakini katika milima ya Njombe, VVU ndivyo vinavyogusa watu wengi zaidi.

Je, kinga dhaifu yaweza kuwa nafuu?

Msomaji makini atauliza swali ambalo wataalamu wenyewe waliliuliza mwanzoni mwa mwaka 2020. Ikiwa nimonia kali ya korona huletwa na kinga iliyozidi kiasi, je, mtu ambaye kinga yake ni dhaifu hatasalimika na tufani hiyo?

Jibu lilihitaji hesabu ya wagonjwa wengi. Huku Tanzania utoaji wa takwimu rasmi ulisimama mwezi Mei 2020 na kurejea mwaka 2021. Ushahidi ulio mwingi ulipatikana Afrika ya Kusini, nchi yenye watu wengi zaidi wanaoishi na VVU duniani. Katika Jimbo la Rasi ya Magharibi, ambako uko mji wa Cape Town, watafiti walichunguza kumbukumbu za mamilioni ya watu wazima wanaotibiwa katika hospitali za serikali. Walikuta kwamba, baada ya kuzingatia umri na maradhi mengine, mtu mwenye VVU alikuwa na hatari ya kufa kwa korona iliyokaribia mara mbili ya ile ya asiye navyo. Mwenye kifua kikuu wakati huo huo, hatari yake ilikuwa mara 2.7. Mwezi Julai 2021 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 15,000 waliolazwa katika nchi 24, ukionyesha kwamba kuwa na VVU kuliongeza hatari ya kufa hospitalini kwa kiasi cha asilimia 30.

Tarakimu hizo mbili hazilingani kwa sababu hazikuhesabu kundi moja la watu: ya kwanza iliwatazama watu wote wa jimbo, ya pili waliolazwa tu, ambao wote tayari walikuwa wagonjwa. Lakini zinaelekea upande mmoja. Kinga dhaifu haikuwa nafuu. Uchunguzi mwingine wa Afrika ya Kusini, uliofuata wagonjwa waliolazwa nchi nzima, uliongeza jambo la maana sana: miongoni mwa wenye VVU, waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale ambao CD4 zao zilikuwa chini ya 200 na wale ambao hawakuwa wakitumia dawa. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri hakufutiwa hatari yote, lakini yeye na yule asiyetumia dawa hawako katika hali moja.

Sababu yake sasa yaeleweka. Amiri akikosekana, jeshi halitulii tu likaacha kupigana. Askari wachache waliobaki hupigana ovyo, kwa kuchelewa na bila kukoma, na wakati huo virusi huendelea kuzaana. Mapafu hupata hasara zote mbili.

Nimonia nyingi, sura moja

Tatizo la pili linamkabili mganga anayemhudumia mgonjwa. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu ambaye anakohoa na kuhema si lazima awe na korona. Huenda ana kifua kikuu. Huenda ana nimonia ya bakteria wa kawaida. Huenda ana nimonia iletwayo na kuvu aitwaye Pneumocystis jirovecii, ambaye karibu kila mtu hukutana naye utotoni bila kudhurika. Nimonia hiyo ndiyo iliyoufanya UKIMWI ujulikane: tarehe 5 Juni 1981 ilitangazwa nchini Marekani kwamba vijana watano wa Los Angeles, waliokuwa na afya hapo awali, walipatwa nayo.

Nimonia ya kuvu huyo na ile ya korona hufanana mno. Zote mbili hushambulia mapafu yote mawili. Katika picha ya eksirei zote huonyesha ukungu mweupe uliotapakaa. Na zote humpunguzia mgonjwa oksijeni hata kabla hajaonekana kuzidiwa. Lakini tiba zake ni tofauti. Tena mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mtaalamu hatosheki na jibu la kwanza: hupima korona, hupima makohozi kwa kifua kikuu, na humwuliza mgonjwa kama amepima VVU na kama anatumia dawa. Mgonjwa anayeficha jambo hili kwa kuona haya humnyima mganga nusu ya ramani.

Kipimo kimoja rahisi kina manufaa makubwa: kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na kuonyesha ni asilimia ngapi ya hemoglobini imebeba oksijeni. Kifaa hupitisha mwanga katika kidole, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi mwanga kwa namna moja, hesabu hupatikana. Pwani, mtu mzima mwenye afya huonyesha asilimia 95 hadi 100. Mji wa Njombe uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 hivi, na kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi, na mwenye afya anaweza kuonyesha pungufu kidogo kuliko ndugu yake wa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba mapafu ya mtu wa mlimani yana akiba ndogo zaidi yanapougua. Asilimia iliyo chini ya 90 kwa mgonjwa wa korona huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa mkali, hata kama bado anazungumza.

Tiba iliyothibitishwa

Dawa ya kwanza ya nimonia ya korona ni oksijeni yenyewe, kutoka kwenye mtungi au mtambo. Kumlaza mgonjwa kifudifudi kwa saa kadhaa husaidia sehemu za nyuma za mapafu zifunguke. Mwezi Juni 2020 jaribio kubwa lililofanywa Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo iliyotumika kwa miaka mingi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliopumulishwa kwa mashine, na kwa sehemu moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida.

Hapa elimu ya hatua mbili za ugonjwa inaonyesha manufaa yake. Deksamethasoni huituliza kinga. Katika hatua ya pili, kinga iliyochachamaa ikitulizwa, mapafu hupona. Katika hatua ya kwanza, kuituliza kinga ni kumsaidia adui. Na kwa mtu mwenye kinga dhaifu, sharti kwanza kifua kikuu na maradhi mengine yaliyojificha yatafutwe, maana dawa hiyo inaweza kuyafungulia mlango. Kununua dawa ya namna hii dukani bila ushauri wa mganga ni hatari kubwa.

Mwaka 2020 na 2021 watu wengi nchini walijifukiza kwa mvuke wa majani. Mvuke unaweza kumpa nafuu mtu aliyeziba pua. Lakini virusi vya nimonia viko ndani ya seli za vifuko vya hewa, na mvuke unaovumilika kwa mwanadamu hauwezi kuviua humo. Hatari ilikuwa kwamba mgonjwa angetumia nyumbani siku ambazo alihitaji oksijeni.

Ugonjwa usiokwisha

Kwa kawaida mwili huviondoa virusi vya korona katika muda wa majuma mawili au matatu. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu sana, mambo huweza kuwa mengine. Mwaka 2021 watafiti wa KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini, walieleza habari za mwanamke mmoja ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa. Virusi vya korona vilikaa mwilini mwake siku 216. Katika muda huo vilipata mabadiliko zaidi ya 30 katika maandishi yake ya urithi.

Jambo hili linahitaji maelezo. Kirusi kinapojinakili hufanya makosa, kama mwanafunzi anakilivyo ubaoni kwa haraka. Makosa mengi hayana maana au hukiua kirusi chenyewe. Lakini kinga dhaifu ni kinga inayogusa bila kuua: huondoa virusi vilivyo hafifu, na kuviacha vile ambavyo, kwa bahati, makosa yao yamevifanya vigumu kushikwa na kingamwili. Siku baada ya siku, mwili huo huwa shamba la kuchagulia mbegu. Hii ni elimu ya Darwin ikitendeka ndani ya mtu mmoja katika miezi saba.

Mwezi Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika ya Kusini waliitangazia dunia aina mpya ya korona, Omicron, yenye mabadiliko mengi sana kwa mara moja. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba ililelewa kwa muda mrefu katika mwili wenye kinga dhaifu. Maelezo mengine yapo, na hakuna lililothibitishwa. Wala haifai mtu yeyote kuyatumia maelezo haya kuwalaumu wenye VVU au bara la Afrika. Maambukizo ya miezi mingi yameonekana pia Ulaya na Marekani, kwa wagonjwa wa saratani na waliopandikizwa viungo.

Lenye kutia moyo zaidi ni habari nyingine kutoka Rasi ya Magharibi. Mwanamke kijana aliyekuwa ameacha dawa za VVU alikaa na korona kwa muda wa miezi tisa. Aliporejeshwa kwenye dawa na VVU vyake vikaanza kudhibitiwa, mwili wake wenyewe uliiondoa korona katika muda wa majuma sita hadi tisa. Amiri alirudi kazini, na jeshi likamaliza kazi iliyokwama.

Yapasayo kufanywa Njombe na Makambako

Funzo la habari hiyo ni kwamba, kwa mtu mwenye VVU, kinga ya kwanza dhidi ya nimonia ya korona ni dawa ile anayoimeza kila siku. Wakati wa mlipuko wowote, hofu ya kwenda kliniki huweza kumkatisha mgonjwa dawa, na hasara yake ikawa sawa na ya kirusi chenyewe. Utaratibu wa vituo vya tiba na matunzo wa kuwapa wagonjwa waliotulia dawa za miezi kadhaa kwa mara moja hupunguza msongamano na kuilinda tiba. Dereva wa lori au kibarua wa msimu anayehama anahitaji zaidi utaratibu huo, pamoja na kadi yake ya kliniki mfukoni, ili akikwama Makambako aweze kuhudumiwa hapo.

Pili ni chanjo. Tanzania Bara ilizindua chanjo ya korona tarehe 28 Julai 2021. Chanjo huifundisha kinga kuutambua mwiba wa kirusi kabla adui hajafika. Kwa kuwa mwenye kinga dhaifu hujifunza polepole, mwezi Oktoba 2021 washauri wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza apewe dozi ya ziada. Jirani mwenye afya anayechanjwa humsaidia pia, kwa kumpunguzia uwezekano wa kukutana na kirusi. Mwenye CD4 chache hupewa pia kotrimoksazoli ya kila siku, ambayo humkinga na nimonia ya kuvu na baadhi ya bakteria.

Tatu ni hewa. Mwezi Juni na Julai baridi ya Njombe huwafanya watu wafunge madirisha na kukaa wengi katika chumba kimoja. Baridi haizai kirusi. Chumba kilichofungwa ndicho kinachokihifadhi. Dirisha lililofunguliwa, hata kwa sehemu, katika bweni, darasa au basi, huondoa matone madogo yanayoelea, yawe ya korona au ya kifua kikuu. Mwenye kikohozi avae barakoa, na kikohozi cha majuma mawili kipimwe.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Kirusi chenyewe hakikuondoka. Kimekuwa miongoni mwa maradhi ya kawaida ya kifua, na kwa mtu mwenye CD4 chini ya 200 bado ni hatari. Katika darasa lolote la sekondari mkoani Njombe yaelekea wamo wanafunzi ambao mzazi, mlezi au wao wenyewe humeza dawa kila siku. Mwalimu anayeeleza somo la kinga bila kumdhihaki mtu, akaonyesha kwamba dawa hiyo huulinda mwili wa anayeimeza na kuwazuilia jirani zake aina mpya za ugonjwa, huwa amefanya kazi ya sayansi na ya afya kwa wakati mmoja.